Hela ya Tabora kwenye meza ya mthamini

Mama aliyenitangulia kwenye foleni alikuwa amepakata saa ya mezani iliyofungwa taulo la kuogea, utadhani anampeleka mtoto kliniki. Nyuma yangu kijana mmoja alishika kiti kilichovunjika mguu, na ule mguu ameutia kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, yale manyunyu ya Uingereza yasiyokata wala kuzidi, nasi tulikuwa watu kama sitini nje ya ukumbi wa kanisa katika mji mdogo. Kila mtu na mfuko wake, na kila mtu anauchungulia wa mwenzake kwa pembe ya jicho.

Kilichotukusanya ni tangazo la kampuni ya mnada. Wathamini wake wangekaa mezani kutwa nzima. Uwaletee kitu chochote cha zamani, wakwambie ni nini, ni cha lini, na kikipelekwa mnadani kitaleta kiasi gani. Bure. Mwisho vitu vitatu kwa kila mtu. Kwetu neno mthamini huleta picha ya bwana wa ardhi mwenye daftari, anayehesabu miembe na minazi yako kabla barabara haijapita. Wa hapa wanahesabu nyufa za vyombo.

Mimi nilikuwa na vitu vyangu vitatu, vyote vya mtumba. Bakuli lenye maua nililolipata duka la hisani kwa pauni 2. Kinyago cheusi cha wazee watatu waliobebana mabegani, pauni 12, nikijiona nimemlalia muuzaji. Na sarafu moja ya rangi ya shaba, iliyotoka ndani ya bati la biskuti lililojaa vifungo, funguo zisizo na makufuli na sarafu zilizochakaa. Bati zima nililinunua pauni 5 kwenye soko la buti.

Soko la buti halihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kuchambua nguo Karume au Memorial ya Moshi. Jumapili alfajiri watu wanaegesha magari uwanjani, wanafungua buti, wanatandika meza na kuuza walichokichoka nyumbani. Sheria ni zilezile: wahi mapema, usionyeshe kwamba umekipenda kitu, na ukitaja bei usigeuke. Tofauti ni kwamba kwetu mtumba hutufikia ukiwa umeshabanwa kwenye belo. Huku unaufuata kwenye chimbuko lake, kabla haujafungwa kamba. Aliyekuwa na kitu amekufa mwezi uliopita, watoto wake wanataka kuikabidhi nyumba, na sanduku la vitu vya baba linaishia kwenye nyasi zenye umande. Ndiyo maana vitu vya kwetu huonekana sana kwenye masoko hayo. Maofisa wa kikoloni, wamisionari, askari wa vita mbili, mabwana shamba wa ule Mpango wa Karanga uliofeli Kongwa baada ya mwaka 1947: wote walirudi na masanduku, na wameondoka duniani mmoja mmoja.

Aliyenipeleka kwa gari lake ni mzee mmoja wa Tabora, mkaazi wa Uingereza tangu miaka ya sabini. Mimi kwetu Bagamoyo, Mzaramo kwa baba, na kwa hiyo kati yetu upo utani wa tangu zama za misafara. Nilipompa shikamoo asubuhi ile aliitikia marahaba, akafungua mlango wa gari, kisha akasema: “Babu zangu waliwabebea pembe kwa miguu hadi pwani, nyinyi mkakaa kivulini mnahesabu. Leo tena mjukuu wenu ananitafuta nimbebee mzigo.”

“Ndiyo kazi mliyoizoea, babu.”

“Nauli utalipa.”

Tulicheka, lakini neno la nauli aliliweka akiba.

*

Mtindo huu wa kupanga foleni na kitu cha bibi mkononi ulipewa nguvu na televisheni. Mwaka 1977 watu wa BBC walirekodi kipindi cha majaribio katika ukumbi wa mji wa Hereford, na mwaka 1979 kikaanza kurushwa kwa jina la Antiques Roadshow. Hadi leo kipo. Wataalamu hukaa kwenye uwanja wa jumba kubwa la kihistoria, wananchi humiminika, wachache huchaguliwa kupigwa picha, na waliobaki huambiwa bei yao pembeni bila kamera kisha wakanywa chai. Marekani walianza cha kwao mwaka 1997 kupitia televisheni ya PBS, na huko tiketi ni za bahati nasibu, kila aliyepata anaruhusiwa vitu viwili.

Nimekiangalia kipindi hicho miaka mingi na nakiri kwamba siangalii vitu, naangalia nyuso. Mtaalamu anazunguka: kimetengenezwa wapi, nani alikitengeneza, mbona hapa pana ufa. Mwenye kitu anaitikia kwa adabu kana kwamba hana haja ya kujua bei. Halafu inatajwa. Mwingereza hapo hutoa neno moja tu, “kweli?”, huku shingo inapanda wekundu polepole kutoka kwenye kola. Mmarekani hulia.

Na zipo sababu za kulia. Mama mmoja wa New Jersey alinunua kimeza cha kuchezea karata kwenye mauzo ya uani kwa dola 25. Kwenye kipindi hicho cha Marekani ilibainika kwamba ni kazi ya John na Thomas Seymour, maseremala wa Boston wa tangu enzi za rais wa kwanza wa nchi hiyo, na Januari 1998 kikauzwa kwenye mnada wa Sotheby’s kwa dola 541,500. Uskochi kuna aliyenunua mmea ndani ya chombo cha kioo kwa pauni 1, mmea ukafa, chombo kikatupwa darini. Mwaka 2008 kilipelekwa kwenye kipindi, kikaonekana kuwa chombo cha maua cha René Lalique cha mwaka 1929, na mnadani kikaleta pauni 32,450. Ukiwa na habari kama hizo kichwani, hata kifuniko cha birika unakiangalia mara mbili.

Ila hadithi ninayoipenda mimi ni ya mtungi. Mwaka 2015 bwana mmoja wa Marekani alileta mtungi wa udongo wenye nyuso za watu zilizokunjana kwa ghadhabu, alioununua dola 300. Mtaalamu aliupapasa, akautamani, akasema ni wa mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa 20, akaupa dola 30,000 hadi 50,000. Kipindi kiliporushwa, mtu mmoja akashtuka mbele ya televisheni yake: mtungi ule anaujua, umefinyangwa na rafiki yake kwenye darasa la sanaa la sekondari, Oregon, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mfinyanzi yu hai, anafundisha farasi. Bei ikashushwa hadi dola elfu tatu hadi tano. Mtungi haukuwa umebadilika hata punje. Kilichobadilika ni habari za mahali ulipotoka.

Neno hilo nililisikia siku ile kwa namna tatu tofauti, moja kwa kila meza.

*

Meza ya kwanza alikaa mama wa makamo, miwani inaning’inia kifuani kwa uzi wa shanga. Nilimtolea kinyago kwa mbwembwe kidogo, nikamwambia hii ni kazi ya Wamakonde, mpingo mtupu, nami natoka nchi hiyo. Alikipokea kwa mikono miwili. Hakukiangalia. Alikipandisha na kukishusha hewani mara mbili tatu, kama mtu anayekadiria papai sokoni, na hapo hapo nikajua nimekwisha.

“Ni chepesi,” alisema.

Akachovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, akasugua chini ya kitako. Pamba ilirudi nyeusi. Akasugua tena mahali palepale, na chini ya weusi ukatokea mti mweupe, mlaini, sijui mti gani, wa kuchongea mwiko. Kiwi ya viatu! Mimi, niliyepita mara mia mbele ya vibanda vya vinyago Mwenge, nikiwaambia wageni kwa sauti ya ujuzi kwamba mpingo wa kweli huzama majini na ukiukwaruza ndani ni mweusi vilevile, nimeuziwa mti uliopigwa brashi. Mzee wa Tabora aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mama yule hakunicheka. Aliniambia vinyago vya kweli anavipata, na vizuri, hasa vya miaka ya hamsini na sitini, vilivyoletwa na watu waliofanya kazi Tanganyika. Kinachomsaidia kuvitambua si uzito peke yake. Mara nyingi chini kuna karatasi imegandishwa, imeandikwa kwa kalamu ya wino: tumenunua kwa fulani, kijiji fulani, mwaka fulani. Karatasi hiyo, alisema, huenda ikawa na thamani kuliko nusu ya kinyago. Changu alikipa pauni 5. Nilikinunua 12, kwa hiyo hesabu yake unaiweza.

*

Bakuli lilikwenda meza ya pili, kwa bwana mnene mwenye fulana ya sufi. Nieleze lilivyo, maana wengi wenu mnalijua bila kujua kwamba mnalijua. Ni bakuli la kina kirefu, jeupe linaloelekea rangi ya maziwa, kwa nje lina maua makubwa mekundu na majani ya kijani, na maua hayo hayakuchorwa kwa brashi. Yamegongwa kwa sponji iliyokatwa umbo la ua, kama muhuri, ndiyo maana kingo zake zimevimba na rangi ina vitundu. Bibi yangu Bagamoyo alikuwa nayo matatu. Moja la uji wa Ramadhani, moja la kukandia unga, la tatu halikuguswa na mtu, lilikaa kabatini likisubiri mgeni ambaye sikuwahi kumwona.

Yule bwana alilipindua kabla hata ya kunisalimia. Kwenye kitako palikuwa na mchoro mdogo mweusi: simba aliyelala, kichwa chake cha binadamu. Chini yake jina Petrus Regout na neno Maastricht.

Ni kiwanda cha Uholanzi cha karne ya 19, akanieleza, na mnyama yule ndiye alama yake. Kilitengeneza vyombo kwa ajili ya masoko ya mbali, Indonesia na kwingineko, na mabakuli ya namna hii yaliletwa pwani ya Afrika Mashariki kwa mitumba, kwa maana halisi ya neno: mizigo iliyofungwa. Wanaakiolojia wanaochimba kwenye mashamba ya zamani ya karafuu Zanzibar huokota vipande vya vyombo vya Ulaya vya aina hiyo. Wasomaji wa pwani hawatashangaa. Kabla ya Mholanzi alikuwepo Mchina, na waliojenga makaburi ya mnara kule Kaole na Kunduchi waliyapamba kwa bakuli za Kichina, wakazichomeka kwenye chokaa kama vito. Sisi ni watu wa kupenda chombo tangu zamani.

Nilifurahi kupita kiasi. Nimelikuta bakuli la bibi kwenye duka la hisani la Waingereza! Bwana yule akaniuliza swali dogo.

“Hili umelipata wapi?”

“Duka la hisani.”

“Na kabla ya hapo?”

Sikuwa na jibu. Huenda lilitoka Zanzibar kwenye sanduku la ofisa. Huenda lilitoka Maastricht moja kwa moja na halijawahi kuona bahari. Kama ningeweza kuonyesha picha ya nyumba fulani ya Mji Mkongwe, bakuli hili likiwa kwenye kidaka chake, mwaka umeandikwa nyuma, alisema angemwita mwenzake anayeshughulika na makumbusho. Bila hiyo ni bakuli zuri la pauni 15 hadi 25, na wazo lake ni kwamba nilitumie kwa saladi.

Waingereza wana neno la kitaalamu kwa mlolongo huo wa wamiliki, hati na picha. Mimi naona Kiswahili tunalo letu na ni zuri zaidi: nasaba. Kitu nacho kina nasaba. Kikiipoteza kinabaki yatima, na bei ya yatima sokoni tunaijua.

*

Sarafu niliiacha ya mwisho kwa sababu niliidharau. Meza ya tatu alikaa kijana ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamkaa sawa, na kilenzi kimekwama kwenye jicho lake la kulia. Nilimwekea sarafu kwenye kitambaa. Ni duara la rangi ya njano iliyofifia, kubwa kiasi cha kujaza vidole viwili, imegongwa vibaya: upande mmoja taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916. Upande wa pili tarakimu 20, neno HELLER, na herufi T peke yake. Maandishi yameegemea upande mmoja, kama yaligongwa na mtu mwenye haraka.

Kijana alinyoosha mgongo. “Unajua T ni nini?”

Kabla sijafungua mdomo, mzee wangu alishainama juu ya meza. “Tabora,” alisema. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeitwa jina lake uwanja wa ndege.

D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwaka 1916 manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani, fedha kutoka Berlin hazifiki, na serikali ya Wajerumani imekimbilia bara. Askari, wapagazi na wauza chakula walitaka malipo, na watu waliichoka karatasi. Basi Tabora, kwenye karakana ya reli, wakaanza kugonga sarafu wenyewe kwa mitambo iliyokusudiwa kazi nyingine kabisa, kwa shaba waliyoweza kuikusanya, yakiwemo maganda ya mizinga. Kila nilipoigeuza sarafu ile mkononi baada ya kusikia hayo, niliona huenda nimeshika kipande cha kombora. Kazi ile haikudumu. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora.

Ndugu yake wa dhahabu anajulikana duniani kote kwa wakusanyaji: rupia 15, ina tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, imegongwa palepale Tabora mwaka uleule kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hiyo inauzwa maelfu ya pauni. Za shaba kama hii ziligongwa nyingi mno. Kijana aliipa pauni 20 hadi 30, na akasifu kitu kimoja, kwamba sikuisafisha. Nusura niisafishe. Nilishakata ndimu na kuchota majivu, kama bibi alivyosugua sinia za shaba siku ya kuamkia Idi, ila simu ikalia nikasahau. Kwa wakusanyaji, sarafu iliyosuguliwa imechunwa ngozi, na bei yake huporomoka.

Kisha nikamwambia jambo ambalo kwake lilikuwa geni. Nilimwambia kwamba karibu watu wa nchi nzima kwetu hulitaja neno lililoandikwa kwenye sarafu hiyo kila siku, na wengi hawajui. Wajerumani walipochukua utengenezaji wa fedha mikononi mwao mwaka 1904, waliigawa rupia katika heller mia moja. Heller ikawa hela. Mjerumani akaondoka, rupia ikaondoka, shilingi ikaja na Mwingereza, hela ikabaki mdomoni. Pesa tuliipata kwa Wahindi, fedha kwa Waarabu, senti kwa Waingereza. Hela ni ya Mjerumani. Mfukoni ni fukara, kinywani tuna benki kuu nne.

Kijana aliandika kwenye daftari lake. Naamini aliyekuwa akimthamini mwenzake wakati huo ni mimi.

*

Mlangoni palikuwa na tangazo kwamba pembe za ndovu hazipokelewi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, imepiga marufuku biashara yake isipokuwa kwa vitu vichache vilivyosajiliwa. Hata hivyo bibi mmoja mzee sana alikuwa hakulisoma. Alifungua kitambaa cha hariri mbele ya yule mama wa miwani: bangili mbili nene, za rangi ya siagi, zimepasuka nyufa nyembamba kama za mkate. Za babu yake, alisema, alikuwa Afrika Mashariki. Mama wa miwani alizifunika tena kwa upole, akamwelezea sheria, na bibi akaomba radhi kana kwamba ameiba.

Mzee wa Tabora aliziona. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniambia kwa Kiswahili, polepole, bila utani hata chembe: “Hizo huwezi kuzipa bei. Mabega ya watu yamo humo.”

Nilikumbuka kwamba mwaka 2024, kwenye kipindi chenyewe cha BBC, mtaalamu Ronnie Archer-Morgan aliletewa kipande cha pembe chenye maandishi, kilichohusiana na biashara ya watumwa ya Afrika Magharibi. Alikieleza kwa kirefu, historia yote, kisha akakataa kukitajia bei. Kwenye kipindi ambacho watu hungoja bei, kukataa kule kulisikika zaidi ya tarakimu yoyote.

*

Watu wa kampuni walinipa fomu kama nataka kuipeleka sarafu mnadani. Nilipiga hesabu palepale. Tuseme imeuzwa pauni 25. Kamisheni ya muuzaji, tuseme asilimia 15, ni pauni 3.75, na juu ya kamisheni hiyo kuna kodi ya VAT asilimia 20, peni 75 nyingine. Nabaki na 20.50, kama kampuni haina ada ya chini kabisa, na nyingi zinayo. Mnunuzi naye anaongezewa ada yake juu ya bei ya nyundo. Dalali ni dalali, awe na tai au kanzu.

Nawatahadharisha pia wanaodhani kila anayeketi mezani ni malaika. Mwishoni mwa miaka ya tisini, wathamini wawili wa vitu vya kijeshi waliojulikana kupitia kipindi cha Marekani walikuwa wakiwaambia warithi bei ndogo, wananunua wenyewe, kisha wanauza kwa bei kubwa mara nyingi zaidi. Hata uthamini mmoja uliorushwa hewani, wa upanga, ulikuwa wa kuigiza. Walitiwa hatiani mahakamani. Anayekutajia bei asiwe ndiye anayetaka kununua. Hili linahusu zaidi kwetu, ambako kuna watu wanapita Mji Mkongwe na Lamu wakinunua masanduku ya njumu na viti vya kale kutoka kwa wajane, wakiwaambia kwamba mbao zimeliwa na mchwa.

Na kwa kuwa nimefika huko, niseme ninachokiamini: makumbusho zetu zingeweza kufanya jambo hili bila gharama ya maana. Meza moja, Jumamosi moja kwa mwezi, mtaalamu mmoja, na karani wa kuandika. Si kwa ajili ya bei. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya tangu mwaka 1964, inakataza kuvitoa nje vitu vya kale bila kibali, na watu wanaoambiwa “usiuze” bila kuambiwa walicho nacho ni kitu gani huuza usiku. Karani ndiye muhimu. Aandike bibi anavyosema: hili alinipa shemeji, alilitoa Pemba, mwaka wa mafuriko. Masanduku mengi tunayoyaita ya Kizanzibari yalitengenezwa India na kuletwa kwa majahazi. Hilo haliyapunguzii kitu, lakini nani alilileta, kwa harusi ya nani, hakuna kitabu kitakachokujibu yule bibi akishaondoka.

*

Tulipotoka nje yule mama wa saa alikuwa anaifunga upya taulo lake. Ameambiwa pauni 30. Alikuwa anatabasamu, alichotaka kujua, alisema, ni kama funguo ya kuivutia bado inapatikana, na inapatikana.

Ndani ya gari mzee alinyoosha kiganja.

“Nauli.”

“Kiasi gani, babu?”

“Hela ishirini.”

Nilielewa. Nilimpa. Aliitazama ile T kwa muda, akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo. Kinyago nimempa mtoto wa jirani anayekipenda sana. Mvua ya kwanza itamfundisha kilichonigharimu pauni 12.

Jioni nilimpigia shangazi Bagamoyo. Baada ya salamu zote na habari za wagonjwa, nikamuuliza yale mabakuli matatu ya bibi yako wapi.

“Mawili yalivunjika siku nyingi, mwanangu. Moja lipo uani.”

“Linafanya nini uani, shangazi?”

“La kuku.”

Nilimsihi alimwage maji, alipindue, aniambie anaona nini. Nilisikia kandambili zikiondoka, kuku wakilalamika, kimya, kandambili zikirudi.

“Kuna mnyama kalala. Kichwa cha mtu. Ni uchawi?”

Nikamwambia si uchawi, ni Uholanzi. Akaguna. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunisimulia: lilitoka kwa mama yake bibi, lilinunuliwa na mumewe aliyekuwa nahodha wa jahazi, duka la Mhindi pale karibu na forodha, na lile la tatu lisiloguswa alikuwa akiwekewa huyo nahodha, siku atakayorudi safari. Hakurudi. Mimi nilitafuta kalamu nikiwa nimeshika simu kwa bega, nikaandika nyuma ya fomu ya mnada.

Bakuli limeoshwa, liko kabatini. Kuku wamenunuliwa beseni la plastiki.